Sifuri Ni ya Nani?

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, hufuata ada ileile. Magazeti hutoa picha za vijana waliong'ara, aghalabu wa shule za kulipia, wakiwa wamebebwa juu juu na jamaa zao. Waheshimiwa hutoa kauli. Wakuu wa shule zilizoshika mkia huitwa wajieleze. Kisha lawama hugawanywa kama nyama ya shughuli: fungu la watoto, kwamba ni wavivu, fungu la walimu, kwamba hawajitumi, fungu la wazazi, kwamba hawafuatilii. Mvua za masika zikianza, kila mtu ameshakula fungu lake na kunawa mikono, na hesabu hufungwa mpaka mwaka mwingine.

Katika ugawaji huo lipo fungu moja ambalo halipewi mtu. Hilo ni la lugha.

Iko kata moja katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, iitwayo Kakese. Ni nchi ya wakulima wa mpunga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na kwa mtu wa Unguja au Lamu ni mbali kuliko Maskati, maana Maskati angalau anaye shangazi. Mtoto wa huko amezaliwa katika nyumba ambamo pengine husemwa Kibende, au Kifipa, au Kisukuma cha wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Kiswahili amekikuta njiani, sokoni na shuleni. Amesoma kwacho miaka saba ya shule ya msingi: amehesabu kwacho, amejifunza kwacho viungo vya mwili na sehemu za ua. Akifaulu, huingia sekondari ya serikali, na siku hiyo anayoingia huambiwa kwamba kila alichokijua amekijua katika lugha isiyotakiwa. Hupewa wiki chache za kunolewa Kiingereza, kisha hufunguliwa kitabu cha fizikia.

Msomaji wa mashairi aweza kuuliza: mtihani wa fizikia wa Kakese unahusu nini na kurasa za watu wanaopima vina na mizani? Unahusu sana. Watu wa pwani ndio wanaojigamba kwamba lugha hii ni yao, kwamba waliirithi kwa mababu ikiwa imekwisha kukomaa, yenye tenzi na kasida kabla ya reli ya kwanza kuingia bara. Basi na waulizwe wao kwanza. Ikiwa lugha hii ni bahari isiyokauka, mbona mtoto aliyekwenda kuteka maji huko Kakese anarudi na ndoo tupu?

Inafaa kuanza na lile ambalo Baraza lenyewe limekiri. Kwa miaka mingi sasa Baraza hutoa, somo kwa somo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa kidato cha nne. Mwenye subira ya kuzisoma zile za fizikia, kemia na biolojia atakuta sababu tatu za kuanguka zikirudiwa mwaka hadi mwaka kama kibwagizo: watahiniwa hawakuwa na maarifa ya mada, hawakuelewa swali lilitaka nini, na hawakuimudu lugha ya Kiingereza. Sababu ya pili na ya tatu ni sababu moja iliyovaa kanzu mbili. Na hata ile ya kwanza, nani awezaye kuapa kwamba haitokani na hiyo hiyo? Mtoto aliyefundishwa miaka minne kwa lugha asiyoielewa atayapata wapi maarifa ya mada? Wapo watahiniwa ambao jibu lao huwa ni swali lenyewe, wamelinakili neno kwa neno. Watu huwacheka. Lakini kunakili swali si upumbavu. Ni adabu ya mtu aliyetakiwa aseme, naye hana la kusemea. Amerudisha alichopewa, kwa sababu hicho ndicho pekee alichokuwa na hakika kwamba ni Kiingereza.

Mtihani ni mizani. Mwenye duka la nafaka akipima mchele kwa mizani ambayo jiwe lake limeongezwa uzito, mteja hatasema kwamba mchele ni mwepesi. Atasema mizani ni mbovu, na ataita watu. Mtihani wa sayansi wa kidato cha nne unadai kupima kama mtoto anajua kwa nini chuma huzama na meli ya chuma huelea. Kwa hakika unapima kwanza kama anaweza kuisoma sentensi ya Kiingereza yenye vishazi vitatu, halafu kama anaweza kuiandika nyingine ya kuijibu. Akishindwa la kwanza, la meli halijaulizwa kabisa. Hata hivyo katika cheti huandikwa kwamba ameshindwa fizikia.

Na achukuliwe mtoto wa mkulima wa mpunga. Mkulima aliyefundishwa kuchagua mbegu huzitia katika maji ya chumvi. Mapepe huelea na hutupwa, mbegu nzima huzama na huatikwa kitaluni. Kwa nini maji ya chumvi, wala si maji matupu? Kwa sababu maji yenye chumvi ni mazito zaidi kwa ujazo uleule, na mbegu iliyojaa nusu, ambayo ingezama katika maji matupu, huelea humo na kujifichua. Hiyo ni sura nzima ya kitabu cha fizikia, tena ndiyo kanuni ya Arkimede. Mtoto aliyewahi kuishika beseni hiyo anayo fizikia mikononi mwake. Mwalimu mwenye akili angeanzia hapo, na Kiswahili chenye maneno ya kuzama, kuelea, uzito na ujazo kingemtosha. Badala yake mtoto huambiwa akariri tafsiri ya msamiati katika lugha ambayo wala beseni wala mapepe hayamo.

Sayansi haijapungua katika nchi ile hata ikahitaji kuagizwa. Mji wa Mpanda ulikuzwa na kemia: madini ya risasi ndiyo yaliyowafanya wakoloni wa Kiingereza kuvuta tawi la reli kutoka Kaliua na kulifikisha Mpanda mwaka 1950, na mgodi ule ulipofungwa mwaka 1960 reli ilibaki. Mto Katuma hutiririka katika nchi hiyo hadi Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kiangazi kikikaza, viboko kwa mamia hubanana katika matope yaliyosalia na mamba hujificha katika mapango ya kingo. Watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuitazama biolojia hiyo. Mtoto wa Mpanda anayo mlangoni, lakini akiulizwa katika mtihani aeleze namna wanyama wanavyoishi na ukame, kalamu humfia mkononi.

Sasa na yatazamwe yaliyopita, maana ugonjwa huu haukuanza jana, wala haukukosa tabibu. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali Tanzania Bara mwaka 1967. Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza 1969, ulitarajia kwamba sekondari nazo zingefuata, na somo la siasa likafuata kweli. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza bila kigugumizi kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985, na Chuo Kikuu kifuate kufikia 1992. Pendekezo hilo lilikataliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili waliotoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kwamba kwa karibu nusu ya waliopimwa, masomo yaliyofundishwa kwa lugha hiyo yalikuwa hayafiki kabisa. Mtu aliyepima kisima akakikuta kikavu angetarajiwa kusema kichimbwe kingine. Wao walipendekeza kamba iongezwe urefu. Kiingereza kiliendelea, na mradi wa kukiimarisha ukaletwa kwa fedha za Uingereza mwaka 1987.

Hapa pana jambo la kushangaza ambalo watu wa fasihi wana wajibu wa kulisema, kwa kuwa linawahusu. Mwalimu Nyerere, katika miaka ya 1960, alifasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya Julius Caesar na ile ya mfanyabiashara wa Venisi. Alifanya hivyo makusudi, kuuonyesha ulimwengu kwamba hakuna wazo zito ambalo Kiswahili hakiwezi kulibeba. Mtu huyohuyo, mwaka 1984, alisema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia na hakiwezi kuachwa kife. Kwa hiyo hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaisari, yenye kejeli zake zote na vitimbi vyake, iliingia katika Kiswahili, lakini kanuni ya Boyle ilionekana haina mlango. Asomaye tafsiri zile anajua ni kazi ipi ngumu zaidi. Kanuni ya Boyle haina kejeli.

Mwaka 2012 ukaja msiba mkubwa. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo, yaliyotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja la sifuri, yaani kiasi cha watoto 6 katika kila 10. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, mwenyewe mwana wa Mpanda aliyejiita mtoto wa mkulima, aliunda tume ya kuchunguza. Mwezi Mei 2013 serikali iliyafuta matokeo yale, yakasanifiwa upya na kutangazwa tena, na maelfu waliokuwa wameanguka wakajikuta wamesimama. Baadaye madaraja yaliondolewa, ukaletwa mfumo wa wastani wa alama, na mwaka 2016 wastani wa alama ukaondolewa na madaraja yakarudishwa. Almuradi mizani ilibadilishwa vibao mara mbili katika muda wa miaka mitatu, na jiwe lililoongezwa uzito likaachwa palepale.

Watetezi wa hali iliyopo watasema kwamba mambo yamebadilika, na kwamba ufaulu umepanda. Na kweli umepanda, wala hapana sababu ya kulificha hilo. Lakini kufaulu ni neno linalohitaji kufunuliwa. Mtahiniwa hupewa D akipata alama 30 katika 100, na D ni kufaulu. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi wanafunzi waliruhusiwa kuziacha fizikia na kemia walipofika kidato cha tatu, na wengi walizikimbia kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua. Kufaulu kwa waliobaki ndani hakusemi lolote juu ya waliokwisha kutoka kwa madirishani. Hisabati, ambayo haikuwa na dirisha, husema kweli zaidi: mwaka 2022 aliifaulu kiasi cha mtahiniwa 1 katika 5. Mwaka huohuo Kiswahili kilifauliwa na zaidi ya 9 katika 10. Watoto ni walewale, vichwa ni vilevile, madawati ni yaleyale.

Watasema tena kwamba tatizo ni maabara na walimu. Hili lina ukweli, na asiyelikubali hajapata kuiona shule ya kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulizijaza nchi shule hizo kwa haraka, na watu wakazipachika jina la yeboyebo, kama vile vikandambili vya plastiki, na walimu wao waliopikwa kwa wiki chache wakaitwa vodafasta. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, na wananchi wakachangishwa. Kwa miaka mingi shule isiyo na maabara iliruhusiwa kufanya mtihani mbadala wa vitendo, ambao vitendo vyake ni vya kalamu: mtoto husimuliwa jaribio ambalo hajaliona, kwa lugha ambayo haijui, kisha huulizwa ameona nini. Basi maabara zijengwe, na walimu wa sayansi waajiriwe. Lakini ukuta wa maabara hausemi. Mwalimu ndiye asemaye. Akisimama mbele ya chupa za tindikali na kutoa maelekezo ambayo nusu ya darasa haikuyaelewa, maabara hiyo imekuwa mahali pa hatari.

Na mwalimu mwenyewe anajua. Ingia katika darasa la kemia la shule ya serikali wakati mkaguzi hayupo. Ubaoni kumeandikwa Kiingereza, na hicho ndicho kitakachonakiliwa daftarini. Mdomoni ni Kiswahili, na hicho ndicho kitakachoeleweka. Wakaguzi wakija, Kiswahili hufichwa na darasa hunyamaza. Watu wa Unguja na Pemba wanaielewa hali hiyo bila ya kuelezwa, kwa sababu walipata kuishi na magendo ya karafuu. Zao ni halali, limeota katika ardhi ya mtu, lakini hulazimika kusafirishwa usiku. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyoingia katika somo la sayansi nchini Tanzania. Ni mali halali inayopitishwa kwa magendo, na aipitishaye ni mwalimu mwema kuliko wenzake. Siku ya mtihani ndiyo siku ya forodha: mali yote hukamatwa.

Halima Mwinsheikhe, mwalimu wa biolojia aliyegeuka mtafiti, aliandika juu ya jambo hili tangu 2002, akionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa biolojia kwa Kiswahili walielewa zaidi na, lililo kubwa zaidi, walizungumza. Waliuliza, walibisha, walicheka. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelirudia hilo kwa miaka mingi, tena yeye ni mwalimu wa Kiingereza. Hakuna awezaye kumtuhumu kwamba anakichukia Kiingereza. Hoja yake ni nyepesi: Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, wala kisigeuzwe kuwa ukuta wa masomo mengine. Anayetaka mwanawe ajue kuogelea humpeleka kwa mwalimu wa kuogelea. Hamfundishi jiografia chini ya maji.

Hoja ya tatu ndiyo kongwe kuliko zote, nayo ni kwamba Kiswahili hakina maneno. Ajabu ni kwamba husemwa na watu ambao hawajayatafuta. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Humo na katika kazi zilizofuata mna kani na kanieneo, mna nishati na mchapuko, mna usanisinuru na umbijani. Baadhi ya maneno hayo ni mazuri hata yangefaa kutiwa katika shairi, na mengine ni mazito ulimini, lakini je, lile la Kigiriki ambalo Waingereza hulitumia kwa usanisinuru ni jepesi? Mtoto wa Kakese akilisikia neno usanisinuru, hata kama ni geni kwake, anaisikia nuru ndani yake. Akilisikia lile la Kigiriki hasikii kitu. Neno geni lenye mlango si sawa na neno geni lisilo na mlango.

Kabla ya kamusi, yalikuwapo maneno ya watu. Nahodha wa jahazi hakungoja kuundiwa istilahi ili atofautishe bamvua na maji mafu, wala ili aueleze uhusiano wa bamvua na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kusi, kaskazi, matlai na umande ni elimu ya hewa. Kilimia ni nyota, na ni kalenda ya mkulima. Wenye lugha hii walipotaka kujua kitu walikipa jina, na walipokuta jina zuri kwa jirani walilichukua bila ya kuona haya.

Na hapo ndipo neno sifuri linapokuwa shahidi. Sifuri ni Kiarabu, sifr, maana yake tupu. Wazo lenyewe Waarabu walilipokea kutoka Bara Hindi, na Al-Khwarizmi wa Baghdad akaandika juu ya hesabu hiyo ya Kihindi katika karne ya 9, zama zilezile Hunayn bin Is-haq na wenzake walipokuwa wakiwafasiri matabibu wa Kigiriki. Kutoka Kiarabu hesabu hiyo ilifasiriwa Kilatini. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, aliyejifunza tarakimu hizo katika bandari ya Bugia huko Afrika ya Kaskazini, aliwaandikia Wataliana kitabu cha kuwafundisha. Neno ambalo Waingereza hulitumia leo kwa sifuri ni sifr hiyohiyo iliyopitia Italia. Kwa hiyo lugha inayodaiwa kuwa ndiyo peke yake yenye sayansi iliazima hata tupu yake. Haikuona haya, nayo ilifanya vyema. Galileo aliandika mabishano yake makubwa ya 1632 kwa Kitaliano ili wasiojua Kilatini wamsome. Newton aliyeandika kwa Kilatini mwaka 1687 aliandika juu ya mwanga kwa Kiingereza mwaka 1704. Kila taifa lililopata sayansi liliipata siku lilipoithubutu katika lugha ya nyumbani.

Aliye na shaka na aitazame Malaysia. Mwaka 2003 nchi hiyo iliamua kufundisha sayansi na hisabati kwa Kiingereza, kwa hoja zilezile zinazosikika Dodoma na Unguja: utandawazi, kompyuta, soko la ajira. Mwaka 2009 serikali yao yenyewe ilitangaza kuurudi uamuzi huo, na kuanzia 2012 masomo hayo yakaanza kurejeshwa katika Kimalei. Moja ya sababu walizozitaja ni kwamba watoto wa vijijini walikuwa wakiachwa nyuma. Yaani na Malaysia walikuwa na Kakese yao, na waliiona.

Zanzibar, kwa bahati mbaya, ilikuwa ikielekea kule ambako Malaysia ilikuwa ikitoka. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano la msingi. Kisiwa ambacho lahaja yake ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kiliamua kwamba lugha hiyo inafaa kusanifiwa, kuimbiwa taarab na kuuziwa wageni, lakini haifai kueleza kwa nini jani ni la kijani. Na malipo yake yalionekana. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2017, orodha ya shule kumi za mwisho ilikuwa na shule kadhaa za Unguja na Pemba. Tangu 2023 Baraza limeacha kutangaza orodha za namna hiyo, na ni vyema, lakini kuvunja kioo hakuuondoi upele. Mtoto wa Kakese ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili, na mtoto wa Pemba aliyekinyonya kwa mama, wote wawili walikutana mkiani, kwa sababu mtihani haukuwauliza kwa lugha ya yeyote kati yao.

Hapo ndipo fahari ya pwani inapogeuka aibu. Tangu 2021 Tanzania ina sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Bunge hujadili kwacho bajeti. Umoja wa Afrika umekipokea kiwe lugha ya kazi mwaka 2022, na UNESCO imekitengea siku, tarehe 7 Julai. Siku hiyo hupambwa majukwaa na kughaniwa mashairi ya kukisifu. Sera ya Elimu ya 2014, aliyoizindua Rais Kikwete Februari 2015, iliahidi kwamba Kiswahili kingetumika katika ngazi zote, na watu wakashangilia. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Februari 2025, lilikiacha Kiingereza kishike sekondari kama kawaida, na washangiliaji wale walinyamaza. Mtu aweza kuhukumiwa kifungo kwa Kiswahili, lakini hawezi kufanyiwa mtihani wa kemia kwacho. Labda jela haihitaji istilahi.

Kimya cha serikali kina maelezo yake: wenye kuamua wamewatoa watoto wao katika shule hizo zamani, na mtu hazibi tundu la jahazi asilolipanda. Kimya cha watu wa lugha hakina maelezo. Kila mwaka hutoka diwani kwa diwani za kukitukuza Kiswahili, kukiita tamu, kukiita johari, kukiita titi la mama. Ni wangapi kati ya watunzi hao waliokaa na mwalimu wa fizikia wakaandika naye hata kijitabu kimoja cha kurasa 40 juu ya mwanga? Ni wafasiri wangapi, hodari wa kuleta riwaya za Warusi na mashairi ya Waajemi, waliowahi kufasiri kitabu kimoja cha kemia? Watengeneza istilahi walifanya kazi yao mwaka 1990 na istilahi zao zimelala kamusini kama mitumbwi iliyopandishwa mchangani. Neno halikomazwi na kamati, hukomazwa na sentensi. Na kutunga sentensi iliyo wazi, isiyopoteza neno, yenye kumfanya msikilizaji aone, ni kazi ya nani kama si ya mshairi na mfasiri?

Kumsifu mama kwa beti mia na kumwacha asimame nje ya mlango wa darasa si mapenzi. Akija mtu kumtoa, wanawe wa kwanza kulalamika hawana budi wawe wale waliokula sifa zake.

La kudai ni jepesi kulitaja. Kwanza, mtihani wa sayansi wa kidato cha pili na cha nne uandikwe kwa lugha mbili ukurasa kwa ukurasa, na mtahiniwa ajibu kwa lugha aipendayo. Jambo hili halihitaji shule mpya hata moja, na lingeonyesha katika mwaka wake wa kwanza ni sifuri ngapi zilikuwa za fizikia na ngapi zilikuwa za Kiingereza. Huenda hilo ndilo linaloogopwa. Pili, Kiingereza kifundishwe na walimu wanaokijua, kuanzia msingi, kama lugha, kwa hadithi na mazungumzo, ili atakayekwenda ulimwenguni aende nacho. Tatu, vitabu vya sayansi vya Kiswahili viandikwe sasa, kabla ya idhini, kama walivyoandika wafasiri wa Baghdad, ili siku mlango utakapofunguliwa asipatikane wa kusema kwamba hakuna cha kuingiza.

Mpaka hapo, kila sifuri itakayotangazwa isiandikwe kwa jina la mtoto peke yake. Huko Kakese, msimu ukifika, mbegu zitatiwa tena katika maji ya chumvi, na mapepe yataelea. Mkulima hailaumu mbegu kabla ya kuyaonja maji. Wenye mtihani nao na wayaonje maji yao.